Jua Mgongoni, Upepo Mgongoni: Kuwapiga Picha Ndege wa Naivasha

Naivasha jua huchomoza mwendo wa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na likishachomoza halipotezi wakati. Karibu na ikweta hupanda takribani nyuzi 15 kila saa. Ikifika saa mbili na nusu liko nyuzi 30 hivi juu ya upeo wa macho. Ikifika saa tatu na nusu, bawa linatia tumbo la ndege kivuli, jicho limegeuka shimo jeusi, na manyoya meupe yameungua kwenye picha hata hayana mstari. Miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa na watu wa kaskazini ya dunia, na huko mambo ni mengine. London, mwishoni mwa Disemba, jua halivuki nyuzi 15 hata saa sita mchana. Mpiga picha anaweza kuchelewa kuamka, akanywa chai yake, akatoka, na bado akaukuta mwanga laini ukimsubiri. Wewe huna nafasi hiyo. Una saa mbili za asubuhi, na jioni una saa moja na nusu hivi kabla ya magharibi. Saa za katikati ni za kula, kulala na kuchaji betri.

Naanza na jua makusudi, kabla sijagusa kamera, kwa sababu kamera za siku hizi zimeshaichukua kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote. Canon EOS R5 na R6 zilipotoka mwaka 2020 zilikuja na uwezo wa kumtambua ndege na kuling'ang'ania jicho lake; Sony Alpha 1 ikafuata mwaka 2021, na sasa hata kamera za bei ya kati zinafanya hivyo. Ustadi wa kumfuata ndege kwa fokasi, ambao wazee wa fani waliujenga kwa miaka, sasa unanunuliwa dukani. Kisichouzwa ni kujua usimame wapi, saa ngapi, na ndege atageukia upande gani.

Hata hivyo, lenzi ndiyo itakayokula fedha zako nyingi, kwa hiyo tuimalize kwanza. Milimita 400 ni kima cha chini, na kwenye 600 ndipo ndege wadogo huanza kukubali. Sony ina 200-600mm, Nikon ina 180-600mm, Canon ina 100-500mm na 200-800mm. Hiyo ya Sony ina uzito wa kilo mbili na ushei, na 100-500mm ya Canon ni kilo moja na nusu hivi. Tofauti hiyo utaipuuza ukiwa dukani, utaihisi ukiwa botini mkono umeinuliwa ukimngoja furukombe aamue. Canon pia ina 600mm isiyofika kilo moja, ya bei nafuu, lakini tundu lake haliondoki kwenye f/11, maana yake huingiza robo tu ya mwanga unaoingia kwenye f/5.6. Mchana peupe hutaona shida. Alfajiri chini ya migunga utaiona.

Kama bajeti ni finyu, ushauri wangu ni kamera yenye sensa ndogo, ile ya APS-C, pamoja na lenzi ya 400mm. Sensa hiyo huibana picha mara 1.5, au 1.6 kwa Canon, hivyo 400 inakupa upeo wa 600 bila mzigo wa 600. Utalipa kwa chenga zaidi mwanga ukipungua, na ni bei ya haki. Viongeza masafa vinavyofungwa kati ya kamera na lenzi siwashauri wanaoanza: cha mara mbili hula robo tatu ya mwanga wako, na wewe huna mwanga wa kuchezea. Ukinunua lenzi ya mkono wa pili, imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma utafute utando wa ukungu, hasa kama imekaa Mombasa au Dar es Salaam. Ukiuona, rudisha lenzi kwa mwenyewe, hata akikupunguzia bei.

Sasa hesabu ndogo ambayo itakufaa kuliko tangazo lolote la duka. Kwenye kamera ya sensa kamili, lenzi ya 600mm ikimtazama ndege aliye mita 20 huona eneo la upana wa mita 1.2 na kimo cha sentimita 80. Furukombe aliyetua hujaza kimo hicho vizuri. Mdiria wa madoa meusi na meupe, mwenye urefu wa sentimita 25 hivi, hushika sehemu ya tano ya upana. Rudi nyuma mpaka mita 40, naye anabaki sehemu ya kumi, na pikseli zinazomchora hazipungui nusu, zinapungua hadi robo. Kwa hiyo kumkaribia ndege kwa mita kumi zaidi, bila kumshtua, kunakupa zaidi ya lenzi yoyote utakayoongeza. Kumbuka pia kwamba ukaribu una masharti yake. Mita 10 kutoka kwa ndege, kwa 600mm na f/6.3, kinachoonekana kwa ukali ni unene wa sentimita 10 tu, kwa hiyo jicho likiwa sawa na mkia ukafifia, usiilaumu lenzi.

Mipangilio ya kamera haihitaji falsafa ndefu. Weka hali ya M, tundu liwe wazi kabisa, kasi ya shata uichague mwenyewe, ISO iachie kamera. Ndege aliyetulia kwenye tawi, na lenzi yako ina kitulizaji, 1/500 inatosha, na mkono imara unaweza kushuka hata 1/250. Akiruka, 1/2000 ni mwanzo. Mdiria anayepiga mbizi au chozi anayetikisa mbawa mbele ya ua, panda 1/3200. Wageni wa fani huogopa ISO 3200 kana kwamba ni ugonjwa. Chenga zinasafishika kwa programu baadaye, lakini picha iliyotikisika haina dawa.

Hapo ndipo kamera isiyo na kioo cha ndani inapokulipa. Kitazamio chake, kile kidirisha unachokibandika jichoni, kinakuonyesha picha itakavyotoka kabla hujabonyeza. Washa alama za milia zinazocheza juu ya sehemu zinazoungua. Kwa furukombe ni lazima, maana ana kichwa cheupe kama karatasi juu ya mwili wa hudhurungi na weusi. Kamera hutazama weusi ule, hudhani kuna giza, huongeza mwanga, na kichwa kinateketea. Punguza mwangaza kwa hatua moja hivi mpaka milia iondoke kichwani. Kwa mnandi mweusi aliye mbele ya anga jeupe, fanya kinyume, ongeza hatua moja au moja na nusu, vinginevyo utarudi nyumbani na kivuli chenye mdomo.

Kitazamio hicho kina hila zake. Kwanza hulala ili kuokoa betri, na huchelewa kidogo kuamka, basi gusa kitufe cha shata wakati unainua kamera, usingoje ifike jichoni. Pili, kama fokasi ya mwisho ilikuwa kwenye milima ya mbali, ndege wa karibu atakuwa ukungu mtupu na mashine haitajua kuna ndege wa kumtafuta. Dawa yake ni kulenga kwanza kisiki au jani lililo umbali uleule na ndege, kisha umhamie ndege mwenyewe. Tatu, ndege akiwa ndani ya mafunjo, mashine hushika majani ya mbele. Weka kitufe kimoja cha nyuma kiwe cha fokasi ya kidoa kidogo kimoja, uweze kuiita bila kuondoa jicho. Na kwenye lenzi nyingi kuna swichi ya kupunguza masafa ya kutafuta. Ukiwa botini iweke kwenye masafa ya mbali.

Wengi hushindwa hata kumwona ndege kupitia 600mm. Usianze na 600. Anza na 200, mtie ndege katikati, kisha vuta. Na usimwondolee ndege macho wakati wa kuinua kamera. Ilete kamera kwenye jicho, usipeleke jicho kwenye kamera.

Jambo moja la shata ambalo wauzaji hawalisemi: shata ya kielektroniki haina sauti na hupiga picha 20 au zaidi kwa sekunde, lakini kwenye kamera nyingi za bei ya kati sensa husomwa polepole, mstari baada ya mstari, na bawa linaloshuka kwa kasi hutoka limepinda kama lastiki. Kamera ghali zenye sensa ya kusoma haraka, kama Nikon Z9, zimeepuka hilo. Kama yako si ya jamii hiyo, tumia shata ya kielektroniki kwa ndege aliyetulia, na ya kimakanika kwa anayeruka.

Sasa twende majini. Ziwa Naivasha liko kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, kwenye kimo cha karibu mita 1,900, kwa hiyo alfajiri beba koti hata kama ni Januari. Ni ziwa la maji baridi, na tangu 1995 limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Katika miaka ya karibuni, hasa kuanzia 2020, maji yamepanda yakaifunika migunga ya ufukoni, ikafa ikiwa imesimama. Miti ile mikavu imekuwa vituo vya wadiria, minandi na furukombe, na picha zake zinapendeza. Ni vyema kukumbuka kwamba maji hayohayo yaliingia majumbani mwa watu wa mtaa wa Kihoto yakawahamisha, na si kila anayekupeleka botini anaiona miti hiyo kuwa pambo.

Agiza boti jioni ya siku iliyotangulia, na mwambie kapteni unataka kuondoka pakianza kupambazuka, si saa tatu ambayo ndiyo saa ya watalii. Mweleze kazi yako. Kapteni aliyezoea wageni atakimbilia viboko kwanza, akidhani ndicho unachotaka, na saa yako nzuri itaishia hapo. Hoteli nyingi ziko ufuko wa kusini, kando ya Moi South Lake Road, na ukiwa majini ukiutazama ufuko huo asubuhi jua litakuwa ubavuni mwako, kushoto. Si vibaya, lakini nusu ya uso wa ndege itakuwa gizani. Muombe asogee mpaka jua likae nyuma ya bega lako na kivuli chako kimuelekee ndege. Neno linalotosha ni hili: "Kapteni, nataka jua liwe mgongoni." Wenyeji wa kazi wanaelewa mara moja. Kisha: "Zima injini, tuelee." Boti inayoelea kimya hukaribia kuliko inayonguruma, na mtetemo wa injini hukuharibia picha hata shata ikiwa ya haraka.

Ndani ya boti sahau tripodi, kwa sababu kila wimbi litapitia miguu yake hadi kwenye lenzi. Keti chini uwezavyo, viwiko vibane mbavuni. Kuketi chini kuna faida nyingine: lenzi ikishuka karibu na maji, ufuko wa nyuma huenda mbali na kulainika, na ndege hujitenga nao. Vaa jaketi la kuokolea hata kama unajua kuogelea, kwani ukianguka na kilo tatu za kamera shingoni kuogelea hakutoshi.

Upepo ndio nusu ya pili ya kazi. Ndege hupaa na kutua wakiukabili upepo, kwa sababu ndio unaowapa nguvu ya kuinuka. Upepo ukikupiga mgongoni, ndege wengi watatua na kupaa wakikuelekea wewe, kifua na macho mbele. Ukikupiga usoni, utapata mkusanyiko mzuri wa mikia. Alfajiri Naivasha huwa shwari na jua ndilo la kufuata. Alasiri upepo huvuma, maji yanachafuka, na hapo itabidi utafute mahali ambapo jua na upepo vyote viko nyuma yako. Pasipopatikana, chagua jua kwa ndege aliyetulia, na upepo kwa ndege anayeruka.

Mwalimu bora wa somo hili ni mdiria huyo wa madoa meusi na meupe. Huning'inia hewani juu ya maji akiukabili upepo, kichwa kimetulia kabisa huku mbawa zikipepea, na hukupa sekunde kadhaa za kumlenga kabla hajajitupa. Akikosa, hurudia mita chache mbele. Akipata, huenda kwenye tawi lilelile alilotoka na kumpigapiga samaki juu yake kabla ya kummeza kichwa mbele. Kwa hiyo usimfukuze. Mjue tawi lake, kaa upande wa jua, ngoja arudi. Kamera zenye uwezo wa kuhifadhi picha za nusu sekunde kabla hujabonyeza kabisa hufaa hapa kuliko popote, kwani wewe hubonyeza ukiona maji yameruka, wakati tukio limeshapita.

Furukombe ni jambo jingine. Anakaa. Anakaa sana. Dalili kwamba anakaribia kuruka ni kuinama mbele, kukaza miguu, na mara nyingi kutoa kinyesi. Ukiona hilo, shata iwe imeshapanda 1/2500 na lenzi umeirudisha kidogo, kwa sababu mbawa zake zikifunguka hufika mita mbili na kuzidi, nazo hutoka nje ya picha kirahisi. Akirudisha kichwa nyuma kuita, huo ni wakati wa picha ya utulivu.

Kapteni atakuuliza, "Boss, nirushe samaki?" Ni desturi ya ziwa hilo: hupiga mluzi, hutupa samaki, ambaye mara nyingine hupachikwa kipande cha funjo ili aelee, na furukombe huteremka kumchukua mahali hasa ulipomlenga. Picha hutoka safi. Mimi huwa nakataa. Inamfundisha ndege kusubiri boti, na picha zote za namna hiyo zinafanana, hadi pembe ya bawa. Ukikubali, basi iwe mara moja, na usije ukaandika chini yake kwamba ulimkuta akiwinda.

Ufukoni, usitembee kando ya maji alfajiri bila mwenyeji anayepajua. Viboko hulisha nchi kavu usiku na hurudi majini wakati uleule unaoutaka wewe, na hawapendi mtu asimame kati yao na maji. Ukiwa ndani ya gari, kwa mfano Hell's Gate iliyo jirani, mfuko wa kitambaa uliojaa maharagwe au mchele, ukiwekwa juu ya mlango dirisha likiwa chini, hushika lenzi vizuri kuliko tripodi yoyote. Zima injini.

Ndege mwenyewe atakuambia umemkaribia kupita kiasi. Akiacha kula, akanyoosha shingo, akakukodolea jicho, simama hapohapo. Akitulia, sogea hatua chache, asipotulia, rudi. Kiota chenye makinda kipite, maana kila dakika mzazi anayokukimbia makinda yanapigwa jua, na mwewe anakuona wewe na anakiona kiota. Kucheza sauti za ndege kwenye simu ili dume lije kupigana na adui asiyekuwepo ni ulaghai unaomgharimu chakula na nguvu. Na ukipata kiota cha bundi, usitaje mahali. Bundi ana maadui wa kutosha kwa ajili ya imani za watu.

Wanaoishi pwani wanaweza kuyapeleka haya yote Mida, karibu na Watamu, wakiongeza kitu kimoja: maji. Maji yakipwa, ndege wametawanyika kwenye matope mbali kabisa na hakuna lenzi inayowafikia. Nenda saa mbili hivi kabla ya maji kujaa, ukae kimya, na bahari yenyewe itawasukuma kitwitwi na sululu kukujia hatua kwa hatua. Kati ya Oktoba na Aprili wageni wa kutoka kaskazini huwa wengi. Siku za bamvua maji huja kwa kasi, kwa hiyo angalia jedwali la maji na ujue njia yako ya kurudi. Ukifika nyumbani, ifute kamera na lenzi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo ili uondoe chumvi, kisha kwa kikavu.

Kuna adui mmoja ambaye hana suluhisho la kamera wala programu: mvuke wa joto. Kuanzia kama saa nne, ardhi na maji vikishapata moto, hewa hucheza, na ndege aliye mita 60 hutoka kama amechorwa na mtu anayetetemeka. Watu huilaumu fokasi na kurudisha lenzi dukani. Sogea karibu au nenda ukapumzike.

Na usiilaze kamera lenzi ikiwa wazi kulielekea jua. Hakuna kioo cha kuikinga sensa. Lenzi ndefu hukusanya jua juu yake, na hasara yake ni kubwa. Weka mfuniko kila unapopumzika. Ukibadilisha lenzi kwenye vumbi la barabara za huko, funga vioo vya gari kwanza, zima kamera na ishike ikitazama chini.

Jioni chambua picha za siku hiyohiyo kabla ya kulala. Mbonyezo wa sekunde tatu kwa picha 20 kila sekunde umekuachia picha 60 za mdiria mmoja. Bakiza tatu, zilizobaki futa bila huruma. Angalia jicho kwanza: kama halina ukali, hakuna haja ya kutazama bawa. Piga kwa RAW, rekebisha mwanga, safisha chenga, punguza kingo, na uache rangi zilivyokuwa.

Kabla ya kulipia boti, fanya mazoezi kwa ndege wasiolipiwa. Mwewe wanaozunguka juu ya masoko na vichinjio watakufundisha kufuata ndege angani kwa asubuhi moja, na chozi kwenye ua la nyumbani atakufundisha subira. Wakazi wa Nairobi wana bahati zaidi: Jumatano asubuhi Nature Kenya huongoza matembezi ya kutazama ndege yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, na huko utakutana na watu wanaomjua ndege kwa mlio kabla hujamaliza kutoa kamera kwenye mkoba. Waulize anatua wapi, na hurudi saa ngapi.